Ugomvi Uliopindwa Pindo

Kisiwa cha Kilwa, kwa masimulizi ya wenyewe, kilinunuliwa kwa nguo. Wageni wa Kishirazi waliposhuka walimkuta mzee wa mji, Mrimba, na mkuu wao akamwoa binti wa mzee. Haukupita muda, mkwe akaona hawezi kukaa kisiwa kimoja na baba mkwe. Hakumwambia mwenyewe. Alimtuma mke: kamwambie baba ahamie bara, haipendezi mtu kuishi uwanja mmoja na mkwewe. Mzee akakubali, ila akataka apewe nguo za kuzunguka kisiwa. Nguo zikatandazwa, mzee akazikunja, akavuka akaenda zake. Masimulizi yanaongeza kuwa mkwe akasoma Kurani mpaka kile kivuko kilichokuwa kikivukwa kwa miguu maji yakikupwa kikajaa, ili mzee asipate njia ya kurudi.

Wanahistoria wana namna zao za kuipima hadithi hii. Mimi muuza kanga wa Miteja naihesabu kuwa kichekesho cha kwanza cha ndoa katika wilaya yetu. Kila kilichokuja baadaye kimo humo: mume mwenye lake moyoni, mke anayebebeshwa ujumbe, na nguo inayomaliza jambo ambalo mdomo umeona haya kulitamka.

Miteja iko kando ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, ukishapita Somanga na kabla hujafika Tingi. Mama yangu aliuza kanga hapa kabla yangu, juu ya mkeka, na sehemu kubwa ya ninayoyaandika nimeyapata kwake na kwa wateja wake. Kanga ni sanaa iliyowacheka mume na mke kwa muda mrefu katika pwani hii, na imefanya hivyo bila kuchora mume wala mke. Ndani yake utakuta embe, nanasi, jogoo, chemli, na lile umbo la korosho ambalo kwetu kusini lina uzito wake, maana korosho ni fedha. Watu wenyewe hawamo. Wamo wanaoivaa.

Nguo yenyewe ina safari ndefu. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, aliokota vigae vingi vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, vya kusokotea nyuzi za pamba. Kwa hiyo watu wa Kilwa walikuwa wakisokota nyuzi za nguo zao karne nyingi kabla ya viwanda vya Ulaya. Karne ya 19 mambo yakageuka. Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya pembe na watumwa, na nguo ikawa merikani, ile nyeupe isiyo na nakshi iliyoletwa na meli za Wamarekani, pamoja na kaniki nyeusi ya Bara Hindi. Kaniki na merikani ndizo zilizofungwa na wanawake watumwa. Kanga ya rangi ilipoanza kuenea mwishoni mwa karne hiyo, kuifunga ilikuwa kutangaza kwamba sasa mtu unajitawala. Zanzibar utumwa ulipigwa marufuku kisheria 1897, Tanganyika ikangoja mpaka 1922. Mimi naamini, na sitaki kumlazimisha mtu, kwamba ujeuri ulio katika majina ya kanga, yale maneno yanayoandikwa juu yake, una asili yake hapo. Mwanamke ambaye bibi yake aliozwa kwa amri ya bwana amepata nguo ya kumwambia mume wake neno.

Mwanzo kabisa kanga zilikuwa leso, vitambaa vya mkononi walivyoleta Wareno, zikiuzwa kwa jora na kuungwa sita sita kupata nguo moja. Baadaye viwanda vikapiga chapa nguo nzima kwa mkupuo, Uingereza, Uholanzi, kisha Japani na India. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alifungua biashara mwaka 1887, na alama yake ya Mali ya Abdulla ilifika hadi huku kwetu. Majina yalipoanza kutiwa yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaja ya Kirumi. Mama alisema bibi yake alikuwa na moja ya herufi za Kiarabu iliyohifadhiwa kwenye kasha, na haikuvaliwa ila kwenye ndoa za wajukuu. Jina lake lilikuwa nini? Alikataa kulisema. Alisema lilimhusu babu, na babu alikwisha kufa, basi yaishe.

Sasa niseme kanga inavyofanya kazi, maana waandishi wengi huishia kwenye pindo, mji wa katikati na jina wakadhani wamemaliza. Jina limekaa chini, juu kidogo ya pindo. Ukijifunga kiunoni linaangukia nyuma, pale pale unapokalia. Kwa hiyo anayelisoma ni yule unayempa mgongo. Mume ameketi barazani, mke anapita na ndoo, na mume analisoma neno wakati mwenye neno anakwenda zake. Amjibu nani? Akimwita mke na kumuuliza, mke atasema yeye amenunua nguo, hakuandika kitabu. Na akinyamaza, limemwingia. Anayevaa hakutunga, aliyetunga hajulikani, na muuzaji kazi yake ni kuuza. Nimewahi kuitwa barazani kwa mzee mmoja nijieleze kwa nini nilimuuzia mkewe doti fulani. Nilijibu kwamba alichagua rangi. Hata yeye alicheka.

Zamani muuzaji ndiye aliyekuwa msomaji. Kabla ya kampeni ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970, akina mama wengi wa Miteja hawakujua herufi za Kirumi. Walimjia mama yangu, wakaketi mkekani, wakasema wanataka kanga. Mama huanza kusoma majina moja moja, polepole, na mteja hutikisa kichwa. Hii hapana. Hii ya majirani. Hii ya mkwe, haijafika wakati. Mpaka asikie lake, ndipo atauliza bei. Rangi alikuwa ameiona tangu mwanzo na wala hakuijali. Mama alijua ugomvi wa nyumba zote kuanzia hapa mpaka Somanga, na hakuna aliyemsimulia lolote.

Kuna kisa kimoja nilikishuhudia mwenyewe. Mwanamume wa kijiji cha jirani, mwenye wake wawili, alipata fedha ya ufuta na akataka kuwanunulia wote. Mume wa mitala kwetu anajua sheria: akinunua, anunue sawa sawa, asije kulaumiwa kwamba amependelea. Basi akachagua doti mbili za aina moja, nyekundu yenye mji mweupe, zenye jina Mdhaniaye ndiye kumbe siye. Yeye alipenda nakshi. Nilimuuliza kama amelisoma jina, akasema majina ni mambo ya wanawake. Nilikunja nikampa.

Ijumaa ile kulikuwa na harusi. Mke mkubwa akaja amefunga yake, na kila aliyemwona akaelewa anamwambia nani: bibi mdogo, unajidhania. Mke mdogo naye akatokea upande wa pili, doti ile ile, jina lile lile, na maana yake imegeuka kumwelekea mkubwa. Wakasimama karibu karibu penye sufuria la pilau, wawili wamevaa sawa kama sare, kila mmoja ameamini amemtukana mwenziwe, wala hakuna wa kulalamika kwa kuwa nguo ni zawadi ya mume. Somo mmoja mtu mzima aliyekuwa anapakua akatazama kulia, akatazama kushoto, akauliza kwa sauti: na bwana yuko wapi, maana huyu ndiye kumbe siye ninamtafuta mimi. Wakeze walikuwa wa kwanza kucheka. Toka siku ile wale wawili wakawa wanakuja dukani pamoja na kuchagua kanga za kumvalia yeye. Mume akaanza kusoma majina kabla ya kulipa.

Miaka ya shida, mwishoni mwa miaka ya 1970 na nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, kanga ilipatikana duka la kijiji kwa mgao, nyingi zikitoka Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa 1968. Mgao hauchaguliwi jina. Zilikuja za kusifu chama, za sherehe za taifa, za kuhimiza kilimo. Ungedhani mzaha wa ndoa ungekufa kwa kukosa maneno. Haukufa. Kuna mama hapa mume wake alikuwa bingwa wa bao, anakaa chini ya mwembe toka asubuhi mpaka adhuhuri. Akapata kanga ya kuhimiza kilimo, akaivaa kila alipompelekea uji pale kwenye bao. Chama kilimwandikia mkulima wa nchi nzima. Yeye alimpelekea mmoja tu, na wacheza bao wote walimjua ni nani.

Kanga si peke yake. Kusini yetu wanaume walikuwa na chombo chao, kinyago. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa vinazimika, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alishuka Lindi akapanda hadi nchi ya Wamakonde akiwa na kamera, fonografu ya kunasia sauti na mashine ya sinema. Alikusanya vinyago, akawapa wapagazi na wenyeji penseli wachore, na kitabu chake kikatoka 1908. Katika ngoma ya midimu ya Wamakonde kuna kinyago cha kuvaa kifuani na tumboni, njorowe, kimechongwa matiti na tumbo la mja mzito pamoja na chale zake. Anayekivaa ni mwanamume, na kichwani ana sura ya mwanamke. Hucheza na kinyago cha kiume, mmoja anajikongoja na tumbo, mwingine anazunguka zunguka. Ni ngoma ya vijana waliotoka jandoni, kwa hiyo ni somo, na watu hucheka kama wanavyocheka kwenye somo zuri lolote. Nilikiona kimoja Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam kimetundikwa ukutani kimya, kimesafishwa. Mti umechongwa kwa ustadi mkubwa, kitovu kimetokeza mbele. Lakini mzaha wake ulikuwa kwenye miguu ya yule mwanamume aliyekivaa, na miguu haikuletwa.

Wanawake wana lao lijulikanalo kwa wanawake. Kwenye unyago, kungwi huvaa suruali na koti la mume, akaingia akikohoa, akadai chakula, akalalamikia chumvi, na mwali hufundishwa la kufanya. Hapo nitaishia. Ya ndani yana wenyewe, na wanaume wanaosoma ukurasa huu wameshasikia ya kutosha.

Sanaa ninayoipenda kupita zote haina mti wala nguo mpya, nayo ni ya mtani msibani. Mwingereza R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege wa kituo cha Amani kule Usambara, aliacha ndege wake kwa muda akaandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika mwaka 1941. Alieleza chimbuko lake katika vita na safari za misafara. Mimi nitaeleza nilichokiona. Mzee mmoja wa hapa alifariki, mtu wa swala tano na mdomo mkali kwa mkewe kwa sababu ya chai. Chai yake ilitakiwa iwe ya moto, isiwe ya moto sana, tangawizi isikike lakini isiwashe. Siku ya kuanua tanga, mtani wake wa kike akaingia chumbani, akatoka amevaa kanzu ya marehemu, kofia imekaa upande kama alivyoiweka mwenyewe, na bakora mkononi. Akaja hadi uwani walipo akina mama. Akakaa kwenye kiti cha marehemu, akanyoosha mguu ule uliokuwa ukimsumbua. Akaletewa chai. Akaonja, akairudisha. Akaletewa ya pili, akaonja, akaguna lile guno la marehemu lenyewe, akairudisha. Ya tatu akainywa yote, kisha akasema si mbaya, ila ya kwanza ndiyo iliyokuwa nzuri.

Mjane alikuwa amekaa eda, shuka jeupe limemfunika mpaka usoni. Tuliona shuka linatikisika tukadhani analia. Alikuwa anacheka hadi anakosa pumzi, na akasema, mwacheni, hata huko aliko atakuwa ameshairudisha. Ndoa ya miaka mingi ilichezwa kwa vikombe vitatu. Mtani akadai fidia ya kuvua kanzu, akapewa, akaivua. Mtu mwingine yeyote angethubutu kumwigiza mzee yule angechapwa fimbo.

Katuni za magazeti zilikuja na mabasi, tena kwa kuchelewa. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar ilikuwa ya kungoja kivuko cha Rufiji pale Ndundu, na masika basi likinasa kwenye tope abiria walilala humo. Gazeti lilifika limeshakuwa la kufungia. Bidhaa za mama zilikuja zimezungushiwa kurasa za gazeti la Uhuru, na sisi watoto tulimgombania Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory, kabla karatasi haijapelekwa jikoni. Baadaye likaja jarida la Sani la akina Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lililosomwa na watu wengi hadi likatoka gamba. Humo mume na mke walikuwa chakula cha kila toleo: mume anarudi usiku wa manane akinyata, mke nyuma ya mlango na mwiko.

Nilicheka nazo kama mwingine yeyote. Ila toka udogo nilishangaa na ule mwiko. Sijapata kuona mwanamke wa Miteja akimngoja mume kwa mwiko. Mwiko una kazi yake na ni wa mti mzuri, hauvunjwi kwa kichwa cha mtu. Hapa mume akichelewa anakuta mlango umefungwa, taa imezimwa, chakula kimefunikwa vizuri mezani na kawa mpya juu, na asubuhi mke amefunga kanga ambayo hakuwahi kuiona. Wachoraji wale walikuwa vijana wa kiume wa mjini, walichora ugomvi unaoonekana kwa mbali. Kupiga kunachoreka, kunyamaza kuna kazi. Ndiyo maana katuni, pamoja na ufundi wake wote, bado naiweka nyuma ya mtani na nyuma ya kanga. Yenyewe huwacheka watu ambao mchoraji hawajui, na kesho yake halazimiki kukutana nao kisimani.

Leo mizigo nashusha mwenyewe kutoka Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, naondoka hapa usiku na kesho yake nimerudi. Kanga nyingi zinatoka India na China, na wapo wapiga chapa ambao Kiswahili wanakisikia kwa mbali tu. Nimepokea robota zima ambalo jina lake halina maana yoyote, na bado liliisha, kila mmoja amelipatia maana yake. Mabinti wananunua sare za harusi kwa rangi. Neno la kumchoma mume wanaliweka kwenye simu asubuhi na kulifuta jioni, na mume naye ameweka lake. Sina ugomvi na simu, lakini ya simu hayaachi ushahidi. Kanga inabaki miaka ishirini.

Na hapo ndipo nina ombi. Makumbusho ya Ulaya na ya kwetu yana kanga nyingi zimekunjwa vizuri, zimeandikwa kiwanda na mwaka. Sijaona iliyoandikwa ilivaliwa na nani. Bibi anapofariki, kanga zake hugawiwa, nyingine zikakatwa nepi, nyingine madekio, na ule ugomvi wote aliokuwa akiujua mwenyewe unakwenda na maji ya kufulia. Wewe unayesoma, kabla hujapitisha mkasi, waulize shangazi na mawifi waliobaki: kanga hii ilinunuliwa msimu gani, alinunua nani, na nani alikuwa amekaa barazani siku ilipovaliwa mara ya kwanza. Andika kwenye karatasi, ikunje ndani ya kanga. Kama ndani ya jibu limo jina la babu yako na yeye bado yu hai, iweke karatasi mahali asipopafikia.